Viungo vya Seli na Majina Yake: Mifano kutoka Viwanda vya EPZ, Athi River

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza viungo vidogo vilivyomo ndani ya seli za mimea na za wanyama, kazi ya kila kimoja, na jinsi majina yake ya Kiswahili yanavyomwongoza au kumpoteza mwanafunzi. Mwandishi ni mwalimu wa lugha, wala hadai utaalamu wa biolojia. Hata hivyo, mwanalugha hawezi kuipima istilahi bila ya kukifahamu kitu kinachotajwa nayo.

Katika mijadala yetu ya istilahi tumezoea kuuliza maswali matatu. Je, neno ni la asili ya Kibantu au ni la mkopo? Je, ni fupi kiasi cha kutamkika kwa urahisi? Je, linakubali viambishi vya ngeli? Maswali hayo yana haki yake. Lakini lipo swali la nne ambalo huulizwa kwa nadra: neno hili, likisikiwa na mtu asiyekijua kitu chenyewe, litampeleka wapi? Hoja yetu ni kwamba swali hili la nne ndilo lingepaswa kutangulia. Baadhi ya maneno yetu ya asili, ambayo tunajivunia, humpeleka msikilizaji pasipo. Na baadhi ya maneno ya mkopo, ambayo tunayalaumu, hayampeleki popote, na kwa hiyo yanahitaji maelezo tu.

Mifano yetu tutaitoa katika eneo la Athi River, wilayani Machakos kwa mgawanyo wa zamani, na sasa katika Kaunti ya Machakos. Hapo, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1990, lilianzishwa eneo la kutengenezea bidhaa za kuuzwa ng'ambo, ambalo kila mtu huliita EPZ. Tumelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, malighafi inayoshikwa humo kila siku ni seli, au ni kazi ya seli. Pili, wafanyakazi wake wametoka Ukambani na sehemu nyingine nyingi za Kenya, na Kiswahili ni lugha inayowaunganisha kazini, ilhali biolojia waliyosoma katika shule za sekondari walifundishwa kwa Kiingereza.

2. Uzi wa pamba ni seli

Viwanda vingi vya EPZ Athi River ni vya kushona nguo, na soko lao kubwa lilifunguka baada ya sheria ya biashara ya Marekani ya mwaka 2000 iitwayo AGOA. Vitambaa vingi huagizwa kutoka nje, hasa bara la Asia; lakini popote ulipolimwa, unyuzi wa pamba una tabia moja. Kila unyuzi ni seli moja iliyochomoza kutoka katika ngozi ya nje ya mbegu ya mpamba. Mbegu moja huweza kubeba nyuzi zaidi ya 10,000. Upana wa unyuzi mmoja hauzidi sana sehemu 20 za milimita iliyogawanywa mara 1,000, lakini urefu wake hufikia milimita 25 hadi 35. Yaani seli hii ni ndefu kuliko upana wake mara elfu moja na zaidi.

Unyuzi huanza kuchomoza karibu na siku ile ua linapofunguka. Kwa muda wa majuma matatu hivi hurefuka; kisha huacha kurefuka na kuanza kunenepesha ukuta wake kwa ndani, tabaka juu ya tabaka. Tumba linapopasuka, seli hufa, maji yake hukauka, na mrija uliobaki hubonyea na kujisokota. Kusokotwa huko kwa asili ndiko kunakoziwezesha nyuzi kushikana zinapofanywa uzi. Zaidi ya asilimia 90 ya kilichobaki ni selulosi, yaani kitu kilichojenga ukuta wa seli. Fundi wa cherehani anayepitisha kitambaa cha pamba chini ya sindano anashona kuta za seli zilizokufa.

Jambo hili linatukumbusha asili ya neno lenyewe. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alitazama kwa hadubini kipande cha gamba la mti, akaona vyumba vitupu vilivyopangwa kama vijumba vya watawa, akaviita kwa jina la vyumba hivyo. Alichokiona kilikuwa kuta tu. Wenye nyumba walikuwa wamekwisha kufa. Neno "seli", basi, lilizaliwa kutokana na kuta za mmea. Nchini Kenya neno hilihili hutumika pia kwa chumba cha mahabusu, na hivyo linaendelea kuvuta fikira za msikilizaji kwenye kuta.

Wako waliopendekeza "chembehai" badala yake. Neno hili lina sifa ya kutaja uhai, ambao ndio jambo kuu. Lakini tukilitumia kwa unyuzi wa pamba tutalazimika kusema "chembehai iliyokufa", na ulimi utakwama. Mwandishi huyu anaelekea kwenye "seli", si kwa kuwa ni neno bora, bali kwa kuwa limekwisha kuenea, na kwa kuwa upungufu wake unaweza kuondolewa kwa sentensi moja ya maelezo.

3. Ukuta na utando

Istilahi mbili hizi ni za asili, na zote mbili zimekubalika. Tuzipime kwa swali letu la nne.

"Ukuta" wa nyumba huzuia. Huzuia upepo, mvua na mwizi. Mwanafunzi akiambiwa kwamba seli ya mmea ina ukuta, na ya mnyama haina, atadhani kuwa ukuta ndio unaochagua kiingiacho na kitokacho. Sivyo. Maji na chumvi zilizoyeyuka hupita katika ukuta wa selulosi kwa urahisi. Kazi ya ukuta ni kuistahimili shindo la maji yaliyo ndani, ili seli isipasuke, na kuupa mmea umbo na ukakamavu. Kwa kazi yake, unafanana na tenga la kusukwa kuliko ukuta wa mawe. Ushahidi uko katika vazi: shati la pamba hunyonya jasho kwa sababu selulosi ya ukuta wa seli hupokea maji, ilhali kitambaa cha nailoni hukataa.

Kinachochagua ni "utando", na utando unazo seli zote, za mimea na za wanyama. Katika lugha ya kila siku tunao utando wa buibui na utando wa jichoni. Neno hutuonyesha wembamba, na hapo halidanganyi, maana unene wa utando wa seli ni kama sehemu moja ya 10,000 ya upana wa unywele. Lakini neno halituambii kwamba ngozi hii nyembamba ina milango ya protini inayofunguka kwa baadhi ya vitu na kufungwa kwa vingine, na kwamba baadhi ya milango hutumia nguvu kukisukuma kitu upande ambao kisingekwenda chenyewe.

Hapa EPZ hutupa mfano ulio wazi. Eneo lake limezungushiwa ua, na kwa sheria ya forodha huhesabiwa kuwa liko nje ya mipaka ya ushuru wa nchi. Kitambaa huingia bila ya kulipiwa ushuru. Nguo hutoka kwenda bandarini. Lakini kipande kikitaka kuuzwa katika soko la Kenya hukutana na masharti mengine. Kinachofanya kazi hiyo ni lango lenye maofisa na hati zao. Waya wa ua hauijui hati. Mwanafunzi aliyeelewa tofauti ya ua na lango ameelewa tofauti ya ukuta na utando.

4. Kiini

Neno hili ndilo lenye hatari kubwa zaidi, kwa sababu ni zuri mno. Tunasema "kiini cha jambo", "kiini cha yai". Kiini ni katikati, ni asili, ni kile ambacho kikiondoka hakibaki kitu. Hata jina la Kilatini lililochaguliwa na Robert Brown mnamo 1831 lilitokana na kokwa ya tunda. Kwa hiyo tafsiri yetu ni aminifu. Lakini inatupeleka wapi?

Kwanza, inatupeleka kwenye yai, na huko tunapotea. Mchoro wa seli katika vitabu hufanana na yai lililokaangwa, na mwanafunzi hukiona kiini cha seli kuwa sawa na kile cha manjano. Ukweli ni kinyume. Kiini cha yai la kuku, kabla ya kurutubishwa, ni seli nzima moja iliyojaa akiba ya chakula, na kiini chake kwa maana ya kibiolojia kimo katika kidoa kidogo cheupe kilicho juu yake. Neno moja limetaja kitu kizima na sehemu yake.

Pili, neno linatufanya tuamini kwamba seli isiyo na kiini haiwezi kuishi hata kidogo. Chembe nyekundu za damu ya binadamu hupoteza kiini zinapokomaa, nazo huzunguka mwilini kwa muda wa siku 120 hivi zikibeba oksijeni. Zisichoweza ni kujitengenezea protini mpya au kugawanyika.

Tatu, vitabu vingi hukieleza kiini kuwa ni ofisi ya mkurugenzi anayetoa amri. Mfano huu haumfai mtu ajuaye kiwanda. Ndani ya kiini mmehifadhiwa DNA, nayo haimwamrishi mtu. Katika kiwanda cha nguo kiko chumba ambamo huwekwa karatasi ngumu zilizokatwa kwa umbo la kila kipande: mkono, kola, mfuko, mguu wa suruali. Karatasi ya asili haitolewi kwenda kwenye cherehani, hutolewa nakala. Vivyo hivyo DNA hubaki ndani ya kiini, na nakala yake, iitwayo RNA, hupita katika matundu ya utando wa kiini na kwenda mahali pa kazi. Ni nakala ipi itolewe leo, na kwa wingi gani, huamuliwa kwa habari zinazotoka nje ya kiini na hata nje ya seli, kama vile oda ya mnunuzi inavyoamua ni nguo gani itakayokatwa.

Kiswahili kinalo neno linaloafiki kazi hii, nalo ni "kigezo" kwa maana yake ya awali: kifano kinachofuatwa katika kukata au kutengeneza kitu. Hatupendekezi kukiondoa "kiini", kwa kuwa kimekwisha kukita mizizi. Tunapendekeza kifafanuliwe kila mara kuwa ni chumba cha vigezo vya seli. Mwanafunzi atafahamu hapohapo kwa nini chembe nyekundu ya damu huweza kufanya kazi bila ya kiini, lakini haiwezi kujikarabati: vipande vilivyokatwa vimo, ila vigezo havimo.

5. Viungo vya kazi

Baada ya kiini tunafika kwenye majina ambayo karibu yote ni ya kutoholewa. Tuyataje pamoja na kazi zake.

Umajimaji mzito unaojaa ndani ya utando, nje ya kiini, huitwa saitoplazimu. Humo mna ribosomu, vitu vidogo sana vinavyoisoma nakala ya RNA na kuunga vijenzi vya protini kimoja baada ya kimoja kwa utaratibu uliomo katika nakala. Hizo ndizo cherehani za seli.

Retikulamu ya endoplazimu ni mfumo wa mikunjo na mifereji ya utando ulioungana na ule unaozunguka kiini. Ribosomu nyingi zimeishikilia, na protini zinazokusudiwa kupelekwa nje ya seli huingia humo na kukunjwa kwa umbo linalotakiwa. Kutoka hapo husafirishwa hadi kwenye vifuko bapa vilivyopewa jina la Mwitaliano Camillo Golgi, aliyevieleza mwaka 1898. Huko hurekebishwa, hutiwa alama ya mahali pa kwenda, na kufungwa ndani ya vifuko vidogo. Idara ya kupiga pasi, kubandika lebo na kufunga makatoni haielezeki kwa mfano bora kuliko huu. Katika seli ya mpamba, baadhi ya vifaa vya ukuta hupitia hapo. Lakini selulosi yenyewe hufumwa kwenye utando wa seli, ikitolewa nje kama uzi kutoka katika pua ya mashine.

Mitokondria huchoma sukari na mafuta kwa msaada wa oksijeni, na kuihifadhi nguvu inayopatikana katika kemikali iitwayo ATP, ambayo kila kiungo huweza kuitumia. Msuli wa mkono unaosukuma kitambaa tangu asubuhi hadi jioni umejaa mitokondria. Kosa moja limeenea miongoni mwa wanafunzi: kwamba mitokondria ni ya wanyama na kloroplasti ni ya mimea, kila upande na chake. Kwa kweli mmea unavyo vyote viwili. Kloroplasti, zenye rangi ya kijani iitwayo umbijani au klorofili, hutumia mwanga wa jua kutengeneza sukari kutokana na maji na hewa ya kaboni, kazi tunayoiita usanisinuru. Kisha mitokondria za mmea huo huo huichoma sukari hiyo, usiku na mchana. Wala si kila seli ya mmea ina kloroplasti. Mizizi iliyo gizani haina haja nazo.

Vakuoli ni mfuko uliojaa maji, chumvi, rangi na taka. Katika mmea huweza kuchukua sehemu kubwa ya seli, na shindo lake juu ya ukuta ndilo linalorefusha unyuzi wa pamba, na ndilo linalosimamisha jani. Likipungua, jani hunyauka. Seli za wanyama huwa na vakuoli ndogo tu, ikiwa zinazo. Kwa upande wao zina lisosomu, vifuko vya vimeng'enya vinavyosaga chakula na viungo vilivyochakaa. Katika mimea kazi hiyo hufanywa hasa na vakuoli.

Jina "vakuoli" linastahili kuangaliwa. Asili yake ni neno la Kilatini la utupu, ingawa kitu chenyewe hakina utupu wowote. Kwa hiyo si majina ya Kiswahili pekee yanayopotosha. Tofauti ni kwamba msemaji wa Kiswahili hasikii Kilatini ndani ya neno hilo. Kosa lake limelala, wala halimdhuru. Lakini vilevile halimfundishi. Kama tungelitafsiri kwa uaminifu na kuliita "kitupu", tungeliamsha kosa lililolala.

6. Seli ya mnyama: ngozi, damu na dawa

Athi River ilijulikana kwa mifugo kabla ya nguo. Tume ya Nyama ya Kenya iliundwa mwaka 1950, na machinjio yake yakawa hapo. Viwanda vya ngozi vikafuata. Ngozi iliyotengenezwa hutufundisha seli ya mnyama inavyoishi bila ya ukuta. Seli za tabaka la ndani la ngozi hutengeneza protini iitwayo kolajeni, huipitisha katika retikulamu na vifuko vya Golgi, na kuitoa nje, ambako husukana kuwa nyuzi imara. Mwenye kiwanda cha ngozi huondoa nywele, mafuta na seli, akabakiza kolajeni na kuikausha kwa dawa isioze. Basi, katika suruali moja ya jinzi yenye lebo ya ngozi kiunoni, kitambaa ni ukuta wa seli ya mmea, na lebo ni kitu kilichofumwa na seli ya mnyama nje ya mwili wake. Mmea hujitegemeza kwa kuta. Mnyama kwa vitu ambavyo seli zake humimina katikati yao.

Mfano wa mwisho unahusu uhai na kifo. Katika muongo wa kwanza wa karne hii kiwanda cha Botanical Extracts EPZ kilianzishwa Athi River ili kukamua atemisinini, dawa ya malaria, kutoka katika majani makavu ya mmea wa artemisia. Dawa hiyo iligunduliwa China katika miaka ya 1970 kwa juhudi za Tu Youyou na wenzake, naye akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Mmea huitengeneza katika seli za vinyweleo vidogo vyenye tezi vilivyo juu ya jani. Kimelea cha malaria, nacho, huingia ndani ya chembe nyekundu ya damu na kula himoglobini ndani ya vakuoli yake. Kula huko huachilia madini ya chuma, na chuma hicho ndicho kinachoiamsha atemisinini, ikaharibu protini za kimelea. Seli za jani, seli ya damu na seli ya kimelea zimekutana katika kidonge kimoja.

Mgonjwa anayeambiwa ameze dozi nzima hata kama homa imetulia angekuwa na sababu ya kutii kama angeelezwa haya kwa lugha anayoifikiria. Hapo ndipo istilahi inapokuwa jambo la watu, wala si la kamati pekee.

7. Hitimisho

Kazi ya istilahi za sayansi haikuanza jana. Tanzania ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi mwaka 1967, haja yake ikawa kubwa; na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Nchini Kenya Kiswahili kilifanywa somo la lazima katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, na Katiba ya 2010 ikakitambua kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Orodha tunazo. Kilichopungua ni daraja kati ya neno na kazi ya kitu.

Tunapendekeza mambo matatu. La kwanza, kila istilahi ichapishwe pamoja na sentensi moja inayotaja kazi ya kitu, si kisawe chake cha Kiingereza pekee. La pili, neno la asili litumike pale ambapo maana yake ya kila siku inaelekea kwenye kazi hiyo, kama "utando". Likielekea kwingine, kama "ukuta" na "kiini", onyo litolewe papo hapo. Na ambapo hakuna la kufaa, tutohoe bila ya aibu, kama tulivyofanya kwa "mitokondria". La tatu, istilahi zijaribiwe kwa watu wa kazi kabla ya kuthibitishwa. Kamati ya wasomi hujua kama neno limeundwa vizuri. Anayejua kama limeeleweka ni yule atakayeulizwa, baada ya kulisikia, kitu hicho kinafanya nini.